Kioo cha Pikapu ya Orville

Delbert Krotz alisikia. Hilo tuliweke wazi tangu mwanzo, kwa sababu mji wetu mdogo wa Bassler wote ulikuja kuamini kwamba hakusikia, na uongo huo ukamfunika kama blanketi lenye kunguni: baridi haikumpata, lakini usingizi nao hakuupata.

Ilikuwa siku ya mnada wa vitu vya marehemu Orville Tesarek, mwezi wa Aprili, upepo wa Nebraska ukivuma kama kawaida yake, yaani bila adabu. Shamba lilikwishauzwa. Kilichobaki ni vyombo: koleo, waya, matandiko ya farasi, sufuria za marehemu mkewe, na mwisho kabisa, kile ambacho nusu ya wanaume waliokuwepo walikifuata, pikapu yake. Ford ya zamani, rangi ya maziwa juu na kahawia chini, iliyolala ndani ya banda kila usiku wa maisha yake na kung'arishwa kila Jumamosi. Orville alikuwa akisema mtu akitaka kumjua mwenzake asimtazame usoni, atazame sakafu ya gari lake. Sakafu ya gari la Delbert ilikuwa na shimo.

Tena Delbert alikuwa na donge na ile pikapu. Kila majira ya baridi, gari lake bovu likizama kwenye theluji, ni pikapu ya Orville iliyotokea na mnyororo wake kumvuta. Orville hakumcheka wala hakumkumbusha. Laiti angemcheka walau mara moja, wangelikuwa sawa. Lakini alimvuta, akagusa kofia, akaenda zake, na Delbert akabaki pale na shukrani iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka na miaka ya kuvutwa humfanya mtu atamani siku moja naye awe ndiye mvutaji.

Dalali alikuwa Kanali Stroud. Jeshini hajawahi kukanyaga. Madalali wa kwetu huitwa kanali, basi, na ukimwita vinginevyo atadhani umemkasirikia. Kipaza sauti alikichukia kwa sababu kwenye upepo hutoa mlio wa paka, akategemea koo lake. Alipanda juu ya tela la nyasi, upande wa kushoto wa pikapu, akaanza kuimba bei.

"Jamani, hii si pikapu, hii ni bi harusi! Haijawahi kulala nje! Nani ananifungulia? Wayne Dostal, acha kula, inua kadi!"

Watu walicheka. Wayne, aliyekuwa na runza mdomoni, ule mkate wetu wa nyama na kabichi, kabichi ikimdondokea kidevuni, aliinua kadi yake yenye namba. Mwingine akainua. Bei ikapanda taratibu. Delbert alikuwa amesimama ubavuni mwa pikapu, karibu na mlango wa dereva, mkono wake juu ya bodi kana kwamba ni farasi anayemtuliza. Mbele yake palikuwa na kile kioo cha pembeni, kikubwa, cha watu wanaovuta matela. Ndani ya kioo hicho aliona watu wote waliosimama nyuma yake, na katikati yao akamwona Janelle.

Janelle alikuwa mtoto wa pekee wa Orville, mwalimu wa watoto wadogo huko Lincoln. Alikuwa amevaa koti la baba yake, mikono imemzidi urefu. Aliinua kadi.

Sasa, kuna jambo ambalo kwetu haliandikwi popote na hakuna asiyelijua. Mtoto wa nyumba akiinua kadi, wengine huacha. Huulizi kama ana pesa au hana, wala hujali kama kitu ni cha dhahabu. Unatia mikono mfukoni. Babu zetu walifanya hivyo enzi za ukame na vumbi, benki zilipouza mashamba ya watu, na aliyenyanyua mkono siku zile alisahaulika jina hadi leo. Wajukuu wake wanaishi Colorado, mbali na sisi. Uso umeumbwa na haya, na sisi tumejitahidi haya hiyo isiishe.

Kanali akapunguza kasi. Sauti yake ikatoka polepole, kila neno peke yake. "Bei iko kwa binti wa nyumbani."

Delbert aliiona mikono yote kwenye kioo ikishuka. Wayne alifuta kidevu, akatia mkono mfukoni. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kimya, kama watu wanaovua kofia.

"Kwa binti wa nyumbani, mara ya kwanza."

Na Delbert akainua kadi yake.

Mwenyewe hakujua hasa mkono ule uliinukaje. Alijua tu kwamba ikiondoka leo, itaenda Lincoln kukaa nje kwenye lami, ikinyewa na ndege, mikononi mwa msichana asiyejua kubadilisha hata oili. Hayo ndiyo aliyojiambia. Tamaa haikosi sababu. Ina mawakili wengi kuliko tajiri.

"Del," Kanali akasema. "Bei iko kwa Janelle, Del."

Mlango wa kujiondoa ulikuwa wazi hapo. Angesema "samahani," angecheka kidogo, angeshusha kadi, na mambo yangeishia pale. Delbert akakuna sikio, akasema kwa sauti kubwa, "Namba yangu si unaiona?"

Janelle akainua tena. Delbert akainua tena. Kisha kwenye kioo kadi ya Janelle ikashuka, na ule mkono mrefu wa koti ukaifunika.

Kanali kwa kawaida hupiga kelele anapouza, hata kama ni debe la misumari. Safari hii alisema "Imeuzwa" kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Delbert alihisi shingo yake ikiwaka. Alingoja mtu amtukane, na laiti wangemtukana. Badala yake, kutoka huko nyuma, katikati ya upepo, sauti ya mwanamke ikasema, "Maskini, hakusikia."

"Eti?"

"Hakusikia. Masikio yake hayo."

Neno likapita mdomo hadi mdomo, na ungeweza kuona mabega ya watu yakilegea. Maana kila mmoja alijua kwamba Delbert Krotz ana sikio bovu, limeliwa na kelele za trekta. Ni lipi kati ya mawili, nani atakumbuka? Walichohitaji ni sababu ya kutomchukia jirani, wakaipata, wakaishika kwa mikono miwili.

Wayne akaja kumpiga mgongoni. "MZEE!" alifoka, mdomo karibu na shavu la Delbert. "TREKTA ZIMEKUMALIZA, MZEE!"

Delbert akamtazama. Hapo napo alikuwa na nafasi. "Eeh?" akasema. "Unasemaje?"

*

Mkewe, Marlys, alikuwa ndani ya ghala na akina mama wa kanisa wakiuza pai ya rubabu, ile mboga chachu ya majira ya kuchipua, kwa hiyo habari ilimfikia ikiwa tayari imepikwa. Alitoka na aproni yake, uso mwekundu.

"Del! Umeipokonya pikapu mikononi mwa Janelle!"

"Sikusikia," Delbert akasema, na lilikuwa rahisi kulisema kuliko alivyodhani.

"Ee Mungu wangu. Nimekwambia miaka mingapi ukapimwe?" Marlys akashika kichwa. "Yule mtoto hana baba wala mama, na sisi tunamnyang'anya gari. Nitamtazama vipi usoni?"

"Nimwambie aichukue?"

"Mnada ni mnada, hatakubali. Unamjua Tesarek yeyote aliyekubali kitu cha bure?" Marlys akafikiri kidogo. "Nitampelekea chakula."

Jioni hiyo alipika tambi kwa kuku, bakuli kubwa la kufunikwa, akaenda kumwomba radhi Janelle kwa niaba ya sikio la mumewe. Aliporudi alikuwa amelia. "Kaniambia hana kinyongo hata chembe," alisema. "Kalelewa yule." Delbert akaenda bandani, akakaa ndani ya pikapu yake mpya, akashika usukani. Ilinuka nta na mbwa wa Orville. Alikuwa ameitamani maisha yake yote, na sasa hakuweza kukaa humo muda wa kuvuta pumzi kumi.

Mateso yenyewe yalianza Jumatatu. Kwetu watu wakipishana barabarani huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Si salamu kubwa, ni kusema tu nimekuona, uko hai, nami niko hai. Orville alikuwa akiinua viwili na kuinamisha kichwa. Delbert alipotoka na ile pikapu, kila gari alilopishana nalo liliinua kidole, na si kwa uvivu wa siku zote. Waliinua juu kabisa, mkono mzima, wengine na tabasamu, ili ajue kwamba hawana neno naye. Walimsalimu kwa huruma. Kila kidole kilimchoma kama sindano. Ilifika mahali akiona vumbi la gari kwa mbali anaingia njia ya shamba la mtu na kujifanya anakagua tairi.

Na kule ushirika, ambako wanaume hukutana asubuhi kurusha dado ili ijulikane nani atalipia kahawa, ilibidi sasa awe kiziwi. Mwongo ana kazi nyingi kuliko mkulima.

"DEL! INAKWENDA VIZURI?"

"Eeh?"

"PIKAPU! INAKWENDA?"

"Aa. Inakwenda."

"Mwacheni jamani," Wayne akasema kwa sauti ya chini, akidhani anasema siri. "Mtu ameshaaibika vya kutosha. Angelisikia asingelifanya. Namjua Del tangu tukiwa watoto. Yule hana moyo wa namna hiyo."

Delbert aliyasikia yote hayo, akiwa na kikombe mdomoni. Alitaka kusimama na kusema, Wayne, moyo huo ninao. Alikunywa tu.

Siku chache baadaye Janelle alikuja nyumbani kwao. Alikuwa amemaliza kusafisha nyumba ya baba yake na alikuwa njiani kurudi Lincoln. Marlys alimkumbatia mlangoni, akamwita mwanangu, akamlazimisha kunywa chai. Kisha wote watatu wakatoka nje, pikapu ilipokuwa imesimama.

"MZEE DEL!" Janelle alipaza sauti hadi kuku wakakimbia. "NIMEKULETEA UFUNGUO WA AKIBA!"

"Asante, mwanangu," Delbert akasema, macho chini.

"NA BLANKETI LA MBWA! KITI KISIKUCHAKAE!"

"Asante."

"NAJUA HUKUSIKIA, MZEE DEL! USIJISUMBUE!"

"Unaona?" Marlys akamnong'oneza mumewe kwa nguvu. "Unaona roho ya mtu?"

Janelle akazunguka pikapu polepole. Akasimama kwenye kile kioo cha pembeni, akavuta mkono wa koti hadi kiganjani na kukifuta vumbi, kwa uangalifu, pembe zote nne. Kisha, mgongo wake ukiwa bado umewageukia, akasema kwa sauti ndogo kabisa, kama anayezungumza na gari, "Dirisha la dereva linakwama. Usilazimishe mpini wake. Lisukume kwa kiganja huku unazungusha."

Delbert nusura ajibu. "Asan—" ilifika kwenye meno, akaimeza, akajifanya anakohoa. Janelle aligeuka, akamtazama kidogo, akaagana nao, akaenda.

*

Marlys hakuwa mwanamke wa kusahau. Mwezi wa Mei, mtaalamu wa masikio alipofika kwenye zahanati ya wilaya kama afanyavyo kila mara, alimkamata Delbert mkono na kumpakia kwenye gari lake mwenyewe.

"Sihitaji," Delbert alisema.

"Unahitaji. Umemwaibisha mtoto wa watu mbele ya kadamnasi kwa sababu ya ukaidi. Twende."

Mtaalamu alikuwa msichana mchangamfu. Alimfunga Delbert vitu masikioni, akamwambia ainue kidole kila akisikia mlio. Delbert aliwaza kudanganya na hapo pia, awe anakaa kimya mlio ukija. Lakini kidole kiliinuka chenyewe, kama kwenye usukani. Labda alikuwa amechoka. Marlys alikaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake magotini.

"Basi, mama," msichana alimwambia Marlys, maana aliona ndiye mwenye shauri, "sikio la kulia limekwenda, hakuna la kufanya. Lakini la kushoto ni zuri ajabu. Vijana wengi ninaowapima hawana sikio kama hilo. Mtu akimsemesha upande wa kushoto, hata kwa kunong'ona, anasikia."

"Hata kwenye upepo?" Marlys aliuliza.

"Hata kwenye upepo."

Marlys alishukuru, akavaa koti. Njiani aliendesha bila kuwasha redio. Walipita kisima cha kwanza chenye pampu ya upepo, wakapita cha pili, ng'ombe wamekizunguka. Kisha akauliza bila kugeuza kichwa, "Kanali alisimama upande gani?"

Delbert alitazama vilima. Vilikuwa vimeanza kuwa kijani.

"Nakuuliza, Delbert. Siku ya mnada. Alisimama upande gani?"

Alipomwita Delbert badala ya Del, alijua mkewe ameshajua. "Kushoto," akasema.

Marlys hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Aliendesha hadi nyumbani, akazima gari, akabaki ameshika usukani. "Nilimpelekea tambi," alisema hatimaye. "Nilisimama jikoni kwa marehemu, na bakuli mkononi, nikamwomba radhi mtoto yule kwa sababu ya sikio lako. Nililia, Delbert. Nililia kweli." Akachukua mkoba wake, akafungua mlango. "Jumapili wewe nenda kanisani peke yako. Mimi sina uso wa kupeleka."

Delbert alibaki kwenye gari la mkewe hadi jua likamwingia machoni. Alikuwa ameaibika mwezi mzima, lakini ile aibu ya kwanza ilikuwa na kificho. Aliivaa ndani kama shati lililochanika chini ya koti. Sasa mtu mmoja alikuwa amemvua koti, na ni yule aliyelala naye kitanda kimoja.

Jumamosi kabla ya mapambazuko alitia saini nyuma ya hati ya umiliki wa pikapu, akaiweka mfukoni na kuondoka. Marlys alikuwa dirishani jikoni. Hakumpungia, lakini juu ya kiti cha pikapu Delbert alikuta chupa ya chai ya moto na mkate uliofungwa kwenye karatasi.

*

Lincoln ni mwendo wa asubuhi nzima. Janelle alikaa kwenye nyumba za ghorofa karibu na shule yake, na alikuwa nje akifagia ngazi wakati pikapu ya baba yake iliposimama ukingoni mwa barabara. Aliacha kufagia. Delbert alitaka kuanza kusema kabla ujasiri haujamwisha, basi akashusha dirisha, na kwa mazoea ya mwezi ule akalisukuma kwa kiganja huku akizungusha.

Janelle alikitazama kile kiganja.

Delbert naye akakitazama. Damu ikampanda hadi kwenye mizizi ya nywele.

"Nimekuja kukurudishia," alisema, akitoa hati. "Sitaki kitu. Nimeshasaini. Na nimekuja kukwambia kwamba... Janelle, mwanangu, siku ile nilisikia. Tena si kusikia tu. Nilikuona. Kwenye kioo hiki hapa nilikuona ukiinua kadi, na nikainua yangu."

"Najua," Janelle akasema.

"Unajua kwa sababu ya kiganja."

"Kiganja ni mzaha wangu tu, nilitaka kuona utavumilia hadi lini." Aliegemeza ufagio ukutani. Hakupaza sauti sasa; alisema kwa sauti yake ya kawaida, ya mtu anayezungumza na watoto wa watu siku nzima. "Mzee Del, kama wewe uliniona kwenye kioo, mimi nilikuona wapi?"

Delbert akakigeukia kile kioo.

"Macho hayana pazia. Ulinitazama usoni. Mimi nilidhani unataka kunipa ishara kwamba nisiogope, kwamba hutainua. Nilikaribia kutabasamu."

Ah, Delbert alitamani lami ile ipasuke immeze. Katika yote aliyojilaumu nayo, hilo hakuliwaza hata siku moja, kwamba mtoto yule alikaribia kumtabasamia.

"Basi mbona," alianza, akaacha, akaanza tena. "Mbona hukusema? Wao wote wanadhani... Mtu alisema sikusikia. Mwanamke mmoja huko nyuma."

"Ni mimi."

Delbert alishika usukani.

"Ni mimi niliyesema. Watu walikuwa wameshaanza kukutazama, Mzee Del. Nilimwona Kanali usoni. Sekunde moja zaidi, na usingeweza tena kuishi Bassler." Akavuta mikono ya koti, lile lile la baba yake. "Baba alikuvuta kwenye theluji mara ngapi?"

"Mara nyingi. Siwezi hata kuhesabu."

"Aliwahi kumwambia mtu?"

"Hapana."

"Basi. Nami nilikuvuta tu."

Delbert Krotz, mzee mzima, mwenye ng'ombe na wajukuu, aliinamisha kichwa juu ya usukani wa Orville Tesarek na kulia, na watu wa mjini waliopita na mbwa wao walitazama pembeni. Hakulia kwa sababu amesamehewa. Alilia kwa sababu alikuwa amesamehewa tangu dakika ile ile, na msamaha wenyewe alikuwa ameutumia mwezi mzima kama kinyago.

Alipotulia alishuka, akaweka funguo zote mbili mkononi mwa Janelle pamoja na hati. "Pesa za mnada ziende kwenye kaburi la baba yako, kwenye jiwe. Mimi nitapanda basi."

"Basi la Lincoln linakuacha maili thelathini kutoka kwako."

"Nitapata mtu wa kunichukua."

"Nani? Marlys?" Janelle alimtazama, na Delbert akaona kwamba hata hilo amelielewa. "Panda. Mimi ndiye nitakayekurudisha. Kaa pale alipokaa mbwa."

Alikaa. Kwetu abiria hukaa kulia kwa dereva, kwa hiyo sikio lake zima lilimwelekea Janelle njia yote, na hapakuwa na neno hata moja ambalo angeweza kujifanya halikumfikia. Janelle alimwambia jinsi alivyojifunza kuendesha gari hili akiwa hafikii klachi. Alimwambia jinsi baba yake alivyompeleka chuo kwa gari hili, akamshusha, kisha akakaa kwenye maegesho hadi jioni kwa sababu hakuweza kuondoka. Delbert alisikiliza yote. Alikula nusu ya mkate wa Marlys, akampa Janelle nusu.

Vilima vya mchanga vilipoanza, alisema, "Unishushe njia panda. Nitatembea."

"Baba hakuwahi kumshusha mtu njia panda," Janelle akajibu, akaingia mjini.

Wanaume walikuwa nje ya ushirika kama kila Jumamosi jioni, kwenye benchi, Wayne katikati. Waliiona pikapu. Mikono ikainuka, juu, kwa ile huruma yao. Janelle akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani, akainamisha kichwa kidogo, sawasawa na Orville, na hapo ndipo wakaona nani anaendesha, na nani amekaa pa mbwa. Mikono ikaganda hewani.

"DEL!" Wayne akafoka, akisimama. "KULIKONI, DEL? UMEMRUDISHIA?" Akawageukia wenzake, uso umechangamka. "Si niliwaambia? Niliwaambia, Del ni mtu!"

Delbert angeweza kuliacha neno hilo liende zake. Gari lilikuwa bado linatembea, na Janelle hakupunguza mwendo; hakuwa amekuja kumwadhiri. Maili moja zaidi na angelikuwa nyumbani, shujaa aliyerudisha pikapu, mtu mwema mwenye sikio baya. Lilikuwa blanketi lile lile, na sasa limefuliwa.

"Simama," akasema.

Alishusha dirisha lake. Kisha akageuza kichwa hadi shingo ikamuuma, ili wote waone amewaelekezea sikio lipi.

"Usipige kelele, Wayne," alisema. "Hili ni zima. Lilikuwa zima siku ya mnada. Nilisikia."

Wayne alibaki ameachama. Alimtazama Janelle, akidhani labda atakanusha, lakini Janelle alikuwa akitazama barabara. Kisha Wayne akatazama chini, akatia mikono mfukoni. Yule wa pembeni yake akafuata, na mwingine, hadi benchi zima.

Delbert alishuka, akamshukuru Janelle kwa kumleta, akafunga mlango taratibu kama ulivyozoea kufungwa. Akavua kofia. Akapita mbele yao kwa miguu, uso wazi, kuelekea nyumbani kwake, na hakuna aliyeinua hata kidole.

Alikuwa amekwishawapa mgongo pale mtu mmoja aliposema kwa sauti ya chini, "Kumbe alisikia."

Hilo nalo alilisikia.